Udhaifu Wako ni Upi?

"Unajiona wapi baada ya miaka mitano?"

"Uvunguni," mama akajibu. Na kweli alikuwa huko, magoti sakafuni, kichwa na bega moja vimezama chini ya kitanda, akisaka kiatu cha pili. "Kiatu hiki nilikiweka hapa jana. Nani amekigusa?"

"Mama, jibu swali."

"Nimejibu. Hukulipenda tu."

Binti alikuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni, povu likimchuruzika kidevuni, maana hakuna awezaye kupiga mswaki na kuendesha usaili kwa wakati mmoja bila kuharibu kimojawapo. Akatoka kwenda kutema, akarudi, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuunganisha vidole vyake kama walivyozoea kufanya wale waliomhoji yeye.

"Najiona nikikua pamoja na kampuni," akasema polepole. "Haya, sema."

"Nitakua mpaka wapi? Mimi nilishakua, mwanangu. Sasa hivi nasinyaa."

"Ndilo jibu wanalolitaka."

"Basi wamwajiri mtoto mchanga."

Kiatu kikapatikana nyuma ya gunia la mkaa. Walicheka wote wawili, lakini kicheko chenyewe hakikukaa. Mama alikwishaamka mara kadhaa kabla ya mapambazuko kutazama kama pamekucha, na tangu pakuche alikuwa hatulii: akishika hiki anakiacha, akianza kufagia anakumbuka chai, akienda kwenye chai anasahau alichofuata.

Kazini walimwita Mama Pasi. Alikuwa akipiga pasi nguo za hospitali kuu: shuka, foronya, mapazia ya wodini na gauni za chumba cha upasuaji. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu zamani, kiasi kwamba wauguzi waliomkuta pale wakiwa wanafunzi sasa walikuwa mametroni wenye miwani na kisukari. Hakuna aliyewahi kumuuliza anajiona wapi. Walijua alipo: nyuma ya mashine ya pasi, kwenye mvuke.

Halafu hospitali ikaamua kwamba kufua si kazi yake, kazi yake ni kutibu. Ufuaji ukapewa kampuni. Kampuni ikaja na kofia za rangi moja na gari jipya, na ikabandika tangazo ukutani: wafanyakazi wote wa chumba cha kufulia wanaopenda kuendelea na kazi wafike kwenye usaili. Yaani mtu aombe kukalia kiti alichokikalia. Watu wa kufulia walilisoma tangazo lile, wakalisoma tena, wakaulizana kama kuna mwenye kulielewa zaidi, kisha wakarudi kwenye masufuria ya dawa ya kufulia maana nguo chafu hazisubiri mtu aelewe.

Mshahara wa pasi ndio uliolipa chumba kile walichokaa, mama na mwana. Ndio uliomsomesha binti mpaka chuo cha biashara. Binti alimaliza na cheti kizuri, na tangu hapo alikuwa akiitwa kwenye usaili hapa na pale, akihojiwa, akiambiwa atapigiwa simu. Majirani walimpachika jina la Profesa, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Maswali yote aliyajua. Angeweza kuamshwa usingizini na kueleza kwa nini anataka kufanya kazi kwenye kampuni ya mabati ambayo hakuwahi kuisikia. Alikuwa bingwa wa majibu. Kilichokosekana ni kazi tu.

Kwa hiyo wiki nzima ile mwana alikuwa mwalimu. Jioni watu wa kufulia walipita kusikiliza, lakini mwanafunzi wa kwanza alikuwa mama, na mwanafunzi huyo alikuwa mkaidi.

"Blauzi," binti akasema.

Mama akainua godoro. Umeme wa kununua ulikuwa umekwisha tangu juzi, na bei yake ilikuwa imepanda tena, kwa hiyo blauzi nyeupe ya usaili ilikuwa imelazwa kati ya mbao na godoro, na mama ameilalia usiku kucha bila kugeuka. Mpiga pasi wa hospitali nzima, blauzi yake kailalia. Kinyozi hajinyoi. Aliitazama kwa jicho la kazini, akaona mkunjo kwenye kola, akaufuta kwa kiganja chenye mate. Mkunjo haukutoka.

"Wataona," akasema.

"Hawataona."

"Mimi ningeona."

*

Nauli nayo ilikuwa imepanda, basi wakatembea. Binti aliendeleza somo njiani, akipaza sauti kila pikipiki ilipopita.

"Udhaifu wako ni upi?"

"Hili swali silipendi. Mtu mzima anamuuliza mwenziwe udhaifu wake wa nini? Anataka kunioa?"

"Mama!"

"Haya. Udhaifu wangu ni kwamba..." Mama akasimama kuruka dimbwi. "Napenda kazi kupita kiasi. Nikianza kazi sijui kuacha mpaka iishe."

"Safi. Unaona? Ni udhaifu, lakini ni sifa."

"Sasa kama ni sifa, kwa nini wanauita udhaifu?"

"Ndio mchezo wenyewe. Wao wanajua unadanganya, wewe unajua wanajua. Anayedanganya vizuri anapata."

Mama akapunguza mwendo. Alimtazama mwanawe pembeni, miguu yake kwenye viatu vilivyokwisha visigino kwa kupanda ngazi za maofisi, na akahisi uchungu uleule aliouhisi kila mara alipomwona akirudi na bahasha ya vyeti kwapani. "Na wewe," akauliza, "umewahi kudanganya vibaya?"

"Nimedanganya vizuri kila mara," binti akasema. "Penye miti hapana wajenzi."

Kwenye lango la wafanyakazi, mlinzi aliwazuia. Ni mlinzi yuleyule aliyemwamkia Mama Pasi kila asubuhi na kumwomba amshonee vifungo. Leo aliinama chini akitazama viatu vyake.

"Shikamoo mama. Leo huwezi kupita huku."

"Marahaba. Nipite wapi?"

"Lango la wageni. Wa usaili wote wapite lango la wageni. Ndivyo nilivyoambiwa."

"Mimi ni mgeni?"

"Mama yangu, usinitie matatani. Wiki ijayo na sisi walinzi tunakabidhiwa kampuni." Akamgeukia binti, akashusha sauti. "Profesa, nami utanifundisha hayo majibu?"

Wakazunguka ukuta wote wa hospitali mpaka lango la wageni, wakaacha vitambulisho, wakaandikwa, wakapewa beji za plastiki. Beji ya mama iliandikwa MGENI. Aliivaa kifuani juu ya blauzi, akaigeuza upande wa nyuma, ikajigeuza yenyewe.

*

Usaili ulifanyika katika chumba cha stoo kilichotolewa maboksi, mwisho wa ujia wa chumba cha kufulia. Mlango wake ulikuwa umevimba kwa unyevu tangu siku nyingi na haukufunga sawasawa. Nje palikuwa na benchi, na kwenye benchi walikaa watu wa kufulia wakiwa wamevaa nguo za harusi na msiba, kila mmoja na harufu yake ya sabuni nzuri. Nyuma ya ukuta mashine moja tu ndiyo iliyokuwa ikinguruma. Mama Pasi alisikia kwamba ni moja, na kila ilipobadilisha mzunguko alisogeza miguu.

Aliyekuwa ndani ni mzee wa mashine za kufulia, waliyemwita Mzee Povu. Alitoka akitabasamu, akifuta uso kwa leso.

"Vipi, mzee?" binti akamuuliza.

"Mambo mazuri, mwanangu. Watu wazuri sana wale. Wananijali. Wameniuliza hata udhaifu wangu."

Binti akashika kifua. "Ukasema kupenda kazi kupita kiasi? Kama nilivyokufundisha?"

"Aa, hapo nilisahau. Lakini nilisema kweli. Nimewaambia: udhaifu wangu ni mgongo, tangu ile mashine ya zamani, na goti hili la kushoto linalokataa baridi. Na kifua kidogo, kwa sababu ya dawa. Kijana yule ameandika yote." Mzee akashusha sauti kwa furaha. "Nadhani watatuletea daktari."

Hakuna aliyecheka. Mzee alitazama nyuso za wenziwe moja baada ya nyingine, tabasamu likamwishia polepole, akauliza, "Kwani nimekosea?" Binti akamwambia hapana, mzee, hujakosea. Akamkalisha.

Hapo ndipo nesi wa chumba cha upasuaji alipotokea akikimbia, ndala zikipiga sakafu.

"Gauni ziko wapi? Daktari ameshanawa mikono amesimama hivi!" Akainua viganja juu kuwaonyesha. "Mgonjwa yuko mezani. Nani yuko kwenye pasi?"

Watu wote wa benchi walimtazama Mama Pasi. Mama Pasi alikwishasimama.

"Kaa chini," akasema msimamizi wa kufulia, akitoa kichwa kwenye mlango wa usaili. Huyu walimwita Bwana Kumbe, kwa kuwa kila jambo alilolijua tangu mwanzo alilipokea kwa kumbe. Kampuni ilikuwa imemwahidi kumbakiza, hivyo leo alikuwa na tai. "Leo wewe ni mwombaji. Bima ya kampuni haimhusu mwombaji."

"Basi apige huyo asiye mwombaji," nesi akasema.

"Kumbe hayupo mwingine?" Bwana Kumbe akakuna kichwa. Akarudi ndani, wakanong'ona, akatoka. "Haya. Wamesema unaweza kujitolea. Piga chache, haraka. Ila ujue hapa si kazini."

Mama Pasi alichukua koti lake la kazi kwenye msumari, akalivaa juu ya blauzi ile aliyoilalia usiku kucha, akaiwasha mashine ya pasi. Mikono ilikuwa imemwasha tangu asubuhi na sasa ikatulia. Alipitisha gauni moja baada ya nyingine, akizikunja ndani kukiwa nje kama zinavyotakiwa kuvaliwa, nesi akizipokea kwa kitambaa akazipitishe haraka kwenye mashine ya kuua vijidudu. Kwa muda ule mfupi aliacha kuogopa. Mvuke ulipanda ukamloanisha uso, shingo na kola. Nesi wa kwanza alikwenda mbio, akaja wa pili kwa wodi ya wazazi, naye akataka shuka, na shuka zikapigwa.

Alikuwa katikati ya shuka aliposikia binti akimwita ujiani. "Mama! Wanakuita! Mama, njoo, wanaita mwingine!"

Akakimbia. Hakukumbuka koti. Hakukumbuka kichwa, ambacho kilemba chake kilikuwa kimelegea na kuinamia sikio. Binti alijaribu kumfuta uso kwa upindo wa kanga lakini mama alikwishapita, amekwishausukuma mlango kwa bega kama ulivyozoea kusukumwa.

*

Ndani walikuwa watatu nyuma ya meza. Bwana Kumbe pembeni. Katikati, kijana mwenye tai nyembamba aliyekuwa na umri wa binti yake. Kulia kwake dada mwenye kucha ndefu zilizopakwa rangi ya zambarau, aliyekuwa akigonga simu kwa kucha hizo, na alipomwona Mama Pasi akaacha kugonga.

"Mama," akasema kijana wa tai, "usaili una mavazi yake."

"Nilikuwa kwenye pasi, baba. Gauni za upasuaji..."

"Sawa. Kaa." Akafunua karatasi mpya. "Haya mama, hebu jieleze."

Mama Pasi hakukaa.

Katika wiki nzima ya somo, binti alikuwa amemuuliza: tuambie wewe ni nani, tueleze habari zako, tupe historia yako kwa kifupi. Majibu ya maswali hayo alikuwa nayo kichwani yamepangwa. Lakini neno hili halikuwamo katika somo, na alilijua kutoka kwingine. Katika chumba cha kufulia, kujieleza ni kitu kimoja tu. Kila shuka zilipopungua wodini, Bwana Kumbe aliwagawia watu wa kufulia barua: unatakiwa ujieleze. Jieleze kwa nini hatua zisichukuliwe dhidi yako. Mzee Povu alijieleza, yeye alijieleza, walijieleza mpaka wafu. Na unapojieleza huketi.

Akawaza, kumbe ndicho nilichoitiwa.

"Mimi shuka sijachukua," akasema.

Dada wa kucha akainua macho. "Shuka gani?"

"Zozote. Kama ni zile za wodi ya wanaume, nilikuwa nimefiwa, sikuwepo, naye msimamizi anajua, aulizwe. Kama ni zile za kabla ya hapo, hizo wagonjwa waliondoka nazo, na nyingine ndugu waliwafunikia marehemu wao, ungewanyang'anya? Mimi nilijieleza wakati ule. Nikajieleza tena. Mtu anayefua shuka za hospitali, zina mhuri, atazipeleka wapi? Atatandika mhuri? Mimi nina mtoto, sijawahi kumlaza kwenye kitu cha watu."

Alisema yote hayo amesimama, mikono nyuma, maji yakimtiririka shingoni. Bwana Kumbe alikuwa akitazama dari. Kijana wa tai alikuwa akiandika.

"Mama," dada wa kucha akasema taratibu, "hakuna aliyekutuhumu. Tulitaka utuambie habari zako. Wewe ni nani, umetoka wapi."

Hapo Mama Pasi akaketi. Alihisi uso ukimwaka, na haukuwa mvuke tena. Akafungua mdomo aseme ni mpiga pasi mwenye uzoefu, anayejituma, anayeweza kufanya kazi na watu, lakini maneno hayo mazuri yakatoka yamelowa, moja hapa, moja kule, kama nguo zilizodondoka kwenye kamba. Walimuuliza anajiona wapi baada ya miaka mitano. Akasema, "Najiona nimekua." Kijana wa tai akakohoa ndani ya ngumi yake. Walimuuliza kwa nini wamwajiri. Akasema, "Kwa sababu mashine nimeiacha inawaka." Ilikuwa kweli, na Bwana Kumbe akatoka mbio kwenda kuizima.

"Asante mama," kijana akasema. "Tutakupigia."

*

"Wamesema watanipigia," mama akamwambia binti nje.

Maana ya neno hilo binti aliijua kuliko mtu yeyote katika mji ule. Alimshika mama yake mkono, akaukuta bado moto wa mashine, akaufinya.

"Nimeharibu," mama akasema. "Wameniambia nijieleze, nami nikajieleza."

"Mama yangu wee." Binti akafumba macho. "Ni kosa langu. Sikulitaja neno hilo. Halikunijia."

"Lingekujiaje? Wewe hujawahi kushitakiwa kazini. Ili ushitakiwe lazima kwanza uwe na kazi."

Mlango uliovimba ukasukumwa kutoka ndani. Dada wa kucha akatoka na simu yake, akawatazama.

"Wewe ndiye uliyekuwa unawafundisha hawa?" akamuuliza binti. "Wote wanapenda kazi kupita kiasi. Isipokuwa yule mzee."

"Nimemsindikiza mama yangu."

"Umesoma?"

"Chuo cha biashara. Nilimaliza."

"Una kazi?"

Binti akatikisa kichwa.

Dada akamtazama Mama Pasi kidogo, akatazama pembeni, na ikawa wazi kwamba hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kazini. "Sikiliza, mdogo wangu. Kwenye pasi tunabakiza mtu mmoja tu. Tunataka vijana. Mkataba wa miezi mitatu mitatu, ukifanya vizuri unaongezwa. Si mshahara aliokuwa anapata mama, huo hatuuwezi. Lakini ni kazi. Mashine mtu anajifunza. Tuna nafasi sasa hivi kabla ya wa mwisho kuingia. Vyeti unavyo?"

Bahasha ilikuwa kwapani, kama siku zote. Binti aliibana.

"Hiyo ni kazi ya mama yangu," akasema.

"Ni kazi ya kampuni," dada akasema bila ukali. "Usipoingia wewe, ataingia mwingine. Nakupa dakika." Akarudi ndani.

Watu wa benchi waligeuka wote kutazama ukuta, kwa adabu. Mzee Povu alikuna goti lake.

"Siingii," binti akasema.

"Ingia."

"Mama, siwezi. Wanataka nikukalie kichwani."

"Nani atalipa chumba?" Mama alisema kwa sauti ya chini, haraka haraka, kama mtu anayegombana msibani. "Nyumba ina mshahara mmoja. Ukipotea huu, wenye nyumba hawatatuuliza umepotea kwa heshima au kwa aibu. Mimi wamenikataa, nimeona kwenye macho ya yule kijana. Sasa na wewe ukatae? Tukale ukaidi?"

"Na wewe utafanya nini?"

"Nitajua. Ingia. Nenda kawajibu."

"Mama..."

"Wiki nzima umenichosha na majibu yako. Nenda ukayatumie."

Alimgeuza mabega na kumsukuma, kama alivyomsukuma siku ya kwanza ya shule alipong'ang'ania nguzo ya lango. Kisha akaketi kwenye benchi, na watu wakasogea kumpa nafasi ingawa nafasi ilikuwepo.

Mlango haukufunga. Mama Pasi alisikia kiti kikivutwa. Alisikia, "Hebu jieleze," na akasikia mwanawe akijieleza kama maji yanavyotoka bombani: jina la chuo, alichosomea, anavyojituma, anavyofanya kazi na watu wa kila aina. Sauti ilikuwa tulivu na nzuri. Alijiona wapi baada ya miaka mitano? Akikua pamoja na kampuni. Mama aliitikia kwa kichwa kila jibu. Hakujua kwamba anatikisa na mguu, mpaka Mzee Povu alipomwekea mkono gotini.

"Na udhaifu wako ni upi?" kijana wa tai akauliza.

Midomo ya Mama Pasi ikaanza kusogea yenyewe, kama ya mzazi anayemsikiliza mtoto akikariri: napenda kazi kupita kiasi, nikianza sijui kuacha.

Ndani kiti kikasogezwa.

"Udhaifu wangu," binti akasema hatimaye, na hii haikuwa tena sauti ya majibu, "ni kwamba nina shida. Nimetafuta kazi mpaka nimesahau ilikuwa ya nini. Mngenipa ya mtu yeyote ningewashukuru. Mmenipa ya mama yangu. Hiki kiti bado kina joto lake. Na mnajua kabisa kwamba siwezi kusema hapana, ndiyo maana mmeniita. Huo ndio udhaifu wangu. Sina mwingine."

Mama Pasi alitaka kupiga kelele, waambie, mwanangu, na alitaka kupiga kelele, nyamaza, mwanangu. Aliona chumba chao na ufunguo wake. Aliona kwamba mtoto amekwishaharibu kama yeye alivyoharibu, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri alihisi fahari tupu, isiyo na woga ndani yake.

Kalamu ilikwaruza karatasi.

"Vizuri," kijana wa tai akasema. "Nimependa ukweli wako. Wengi hawajitambui hivyo. Unaweza kuanza lini?"

Kucha za zambarau ziligonga simu, kidogo, zikaacha.

"Kesho," binti akasema.

Mama Pasi alifurahi, na akajichukia kwa kufurahi. Akasimama, akaanza kufungua vifungo vya koti kimoja baada ya kingine, maana mtoto angelihitaji asubuhi.